Kioo kizuri juu ya pete mbovu: tathmini ya darubini ya 3-9x40 kwenye bunduki ya hewa

Tangu mwezi wa Februari nimekuwa nikitumia darubini yenye ukuzaji wa mara 3 hadi 9 na lenzi ya mbele ya milimita 40, niliyoifunga juu ya bunduki ya hewa ya springi yenye mtutu wa milimita 4.5. Niliinunua hapa Lubumbashi, katika duka moja la katikati ya mji, kwa dola 90, na ndani ya boksi nilikuta darubini yenyewe, pete mbili za kuifungia, vifuniko vya lenzi, kitambaa cha kufutia na ufunguo mdogo wa pembe sita. Muuzaji aliniomba dola 15 nyingine ili anifungie darubini na kuilinganisha na mtutu, nami nikakubali. Hukumu yangu ni hii: darubini ina thamani ya pesa yake, pete zilizokuja nayo hazifai kabisa kwa bunduki ya aina hii, na kazi ile ya dola 15 haikuwa na faida yoyote. Nitaeleza sababu kwa urefu, kwa kuwa nimeona ndugu na marafiki kadhaa wakinunua seti ya namna hiyohiyo, kisha wakaiweka kabatini wakiamini kwamba kioo ni kibovu.

Matumizi yangu ni mawili. Familia yetu ina kiwanja kando ya barabara ya Kipushi, penye banda la kuku na ghala la mahindi, na baada ya mavuno ya Aprili na Mei panya huingia ghalani kila jioni. Jumapili alasiri, kukiwa kimya, mimi na kaka yangu mkubwa hulenga makopo ya maziwa yaliyopangwa mbele ya kichuguu kikubwa kilicho mwisho wa kiwanja. Kila mtu wa Katanga anavijua vichuguu vyetu, jinsi vinavyoweza kupita urefu wa nyumba. Udongo wake, ambao mafundi wanauchimba ili kufyatua matofali, humeza kijirisasi bila kukirudisha.

Kabla ya kuzungumzia kioo ni lazima niseme neno juu ya bunduki yenyewe, kwa sababu makosa mengi yanaanzia hapo. Mtu akiona kwamba bunduki ya hewa haina baruti, anadhani kwamba haina teke, na kwamba darubini yoyote itaivumilia. Ukweli ni kinyume. Ndani ya bunduki ya springi kuna pistoni nzito inayosukumwa mbele kwa nguvu pale unapobonyeza kifyatulio; bunduki inarudi nyuma, kisha pistoni inapofika mwisho wa silinda na kugonga mto wa hewa iliyobanwa, bunduki nzima inatupwa mbele. Kwa hiyo darubini inapigwa mara mbili, kwa pande mbili zinazopingana, ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Darubini nyingi za bunduki za baruti zimejengwa kuhimili teke la upande mmoja tu, ndiyo maana zinaweza kuishi miaka mingi juu ya bunduki kubwa ya kuwindia na kufa ndani ya wiki moja juu ya bunduki ya springi: msalaba, yaani mistari miwili ya kulengea iliyo ndani ya kioo, unakatika au unalegea, au lenzi inatoka mahali pake. Ukinunua, tafuta kwenye boksi maandishi yanayosema wazi kwamba darubini imetengenezwa kwa bunduki za hewa za springi. Yangu ilikuwa nayo, na baada ya vijirisasi zaidi ya 1,500 msalaba wake bado uko mahali pake.

Kioo chenyewe kinapendeza. Kwa ukuzaji wa mara 3 hadi 6 picha ni safi hadi karibu na ukingo. Kwa mara 9 ukingo unafifia kidogo na rangi ya zambarau huonekana pembeni mwa vitu vyeusi vinavyotazamwa dhidi ya anga, jambo ambalo kwa bei hii silihesabu kuwa kasoro. Jioni saa kumi na mbili kasorobo, ndani ya kivuli cha mwembe, bado ninaona tundu la panya kwa mara 4, lakini kwa mara 9 sioni kitu, kwa sababu ukuzaji unapopanda mwanga unaofika jichoni unapungua. Ninaitumia kwa mara 6 karibu wakati wote.

Sifa iliyonifanya niichague ni pete ya mbele inayozunguka kwa ajili ya kurekebisha paralaksi, yaani ile hali ya msalaba kuonekana ukisogea juu ya shabaha jicho linaposogea. Darubini nyingi za bei nafuu zimewekwa paralaksi moja kiwandani, mara nyingi ya yadi 100, yaani mita 91, umbali ambao bunduki yangu haiwezi kuufikia kwa maana yoyote. Ukilenga kitu cha mita 10 kwa darubini ya namna hiyo, picha ina ukungu, na kibaya zaidi ni kwamba jicho likisogea kidogo nyuma ya lenzi, msalaba nao unasogea juu ya shabaha ingawa bunduki haijatikisika. Yangu inashuka hadi mita 9. Ninaizungusha hadi picha iwe safi, kisha ninatikisa kichwa polepole kushoto na kulia. Msalaba ukibaki umetulia juu ya kopo, najua kosa litakalotokea ni la mkono wangu na si la kioo. Namba zilizoandikwa juu ya pete hiyo haziaminiki sana: penye 25 kwangu ni karibu mita 28, kwa hiyo nimebandika kipande cha karatasi chenye alama zangu mwenyewe.

Sasa nije kwenye kazi ya dukani. Muuzaji alifunga pete, akaingiza kijiti cha leza mdomoni mwa mtutu, akaelekeza nukta nyekundu kwenye ukuta uliokuwa mbali kwa hatua kama nane, akazungusha vizungushio vya kusogezea msalaba hadi msalaba ukakaa juu ya nukta, akanirudishia bunduki akisema kwamba kila kitu kimekwisha. Sina neno baya juu ya tabia yake, alikuwa mpole na mwenye subira. Lakini kijiti cha leza hakijui kwamba kijirisasi huanguka njiani, hakijui uzito wa kijirisasi nitakachotumia, wala hakijui jinsi ninavyoegemeza shavu langu kwenye kitako. Nilipofika kiwanjani na kupiga karatasi kwa mita 10, matundu matano ya kwanza yalikuwa sentimita 7 chini ya shabaha. Nilirekebisha, yakapanda, nikapiga mengine, yakashuka tena na kwenda kulia. Kwa siku tatu nilifukuza matundu hayo huku na huku hadi nilipomaliza kopo zima la vijirisasi na kuanza kuichukia darubini.

Jibu lilikuwa chini yake. Ndipo niliona kwamba pete ya nyuma imesogea milimita 3, ikiacha mkwaruzo mweupe juu ya mfereji wa bunduki, mahali pete zinaposhikia. Ile tabia ya kupigwa mara mbili ilikuwa inaitambaza darubini kuelekea nyuma kidogo kidogo, na kila ilipotambaa, mlingano wote ulikufa. Nilikaza skurubu, ambazo sisi hapa tunaziita visi, nikazikaza zaidi, na mbili kati ya nane zikazunguka bure kwa kuwa nyuzi zake zilikuwa zimekatika ndani ya aluminiamu laini.

Nilizipeleka pete hizo mtaa wa Katuba, kwa mzee mmoja aliyestaafu kutoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, baada ya kuchonga vyuma maisha yake yote, ambaye bado ana mashine ndogo uani kwake. Hakusema mengi. Alichukua fimbo ya chuma iliyonyooka yenye kipenyo cha milimita 25.4, ambacho ndicho kipenyo cha bomba la darubini yangu, akailaza ndani ya nusu za chini za pete zikiwa zimefungwa juu ya bunduki, akawasha taa ya simu upande wa pili na kuniambia niiname. Chini ya fimbo, kwenye pete ya nyuma, mwanga ulipita upande wa kushoto kama uzi. Kwenye pete ya mbele ulipita upande wa kulia. “Mwanangu,” alisema, “hizi pete haziangaliani. Ukizikaza, unapinda darubini yako.” Nilimwomba azisage zilingane, naye akakataa kwa sababu hata zikilingana hazina kitu cha kuzizuia zisitambae. Alikuwa na haki. Pete za bunduki ya springi zinahitaji pini ndogo ya chuma inayoshuka chini na kuingia katika tundu lililotobolewa juu ya silinda. Bunduki yangu ina matundu matatu ya namna hiyo, na muuzaji hakuwahi kunieleza ni ya kazi gani.

Kwa hiyo niliagiza kishikio cha kipande kimoja, yaani pete mbili zilizounganishwa na msingi mmoja wenye urefu wa sentimita 13, chenye skurubu nne juu ya kila pete, na pini ya kuzuia. Kililetwa na binamu yangu aliyekuwa akirudi kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, na kilinigharimu dola 38. Kabla ya kuagiza nilipima upana wa mfereji wa bunduki, na ninawaomba wote wafanye hivyo: bunduki nyingi za hewa zina mfereji wa milimita 11, wakati vishikio vingi vinavyouzwa ni vya reli pana ya milimita 21, na hakuna ustadi wa fundi utakaovipatanisha. Kipande kimoja kina faida nyingine, kwamba pete zake zimetobolewa pamoja katika mashine moja, kwa hiyo zinaangaliana tangu kuzaliwa.

Kufunga nilichukua jioni nzima, na sijutii. Kwanza niliirudisha darubini katikati yake, kwa kuwa muuzaji alikuwa ameizungusha mbali. Nilikata mabonde mawili yenye umbo la herufi V kwenye kingo za boksi la karatasi ngumu, nikalaza darubini humo, nikatazama alama ukutani huku nikiizungusha darubini nzima polepole. Msalaba ulikuwa unachora duara kubwa kuzunguka alama. Nilirekebisha vizungushio, nusu ya kosa kila mara, hadi msalaba ulipotulia mahali pamoja darubini ikizunguka. Ni kazi ya dakika ishirini na haihitaji chombo chochote cha kununua.

Halafu nilisafisha mfereji na sehemu ya ndani ya pete kwa spiriti, kwa sababu mafuta ya kiwandani ni rafiki wa kutambaa, nikaingiza pini katika tundu lake na kukaza msingi. Darubini niliiacha legelege ndani ya pete, nikafumba macho, nikaweka bunduki begani jinsi ninavyoiweka siku zote, kisha nikafumbua. Picha ikiwa na ukingo mweusi, unasogeza darubini mbele au nyuma hadi duara lijae mwanga. Kwangu umbali kutoka jichoni hadi kioo cha nyuma ulikuwa kama sentimita 9. Ukiupima kwa kunyoosha shingo kufuata darubini, utaunyoosha kila siku na hutalenga sawasawa hata mara moja.

Hatua inayofuata ndiyo ambayo watu huiruka. Mstari wa wima wa msalaba lazima usimame wima kweli bunduki inapokuwa sawa. Nilibana bunduki kati ya mifuko miwili ya unga niliyoijaza mchanga, nikaweka pima maji ndogo juu ya sehemu bapa ya mfereji iliyobaki wazi, na ukutani, mita 15 mbele, nikaning’iniza timazi ya mwashi kwa uzi mweupe. Nikazungusha darubini ndani ya pete hadi mstari wake ulipolala juu ya uzi wa timazi. Mstari ukiinama, utapiga vizuri kwa umbali uliolinganisha, lakini kwa umbali mwingine wowote kijirisasi kitakwenda pembeni, nawe utasingizia upepo. Kisha nilikaza skurubu kwa mtindo wa msalaba, robo mzunguko kila moja, nikihakikisha kwamba mianya ya pande mbili za pete inabaki sawa. Ufunguo nilioushika kwa vidole viwili kwenye mkono wake mfupi ulitosha. Anayeukaza kwa mkono mrefu na nguvu zote huacha alama za kudumu juu ya bomba, na anaweza kuliponda.

Hata hivyo, karatasi ya kwanza ilionyesha matundu sentimita 9 chini, kwa mita 10. Hili halikuwa tena kosa la pete. Bunduki za kukunja mtutu mara nyingi zina mtutu unaoelekea chini kidogo kuliko silinda, na darubini iliyofungwa juu ya silinda haiwezi kuujua mwelekeo huo. Kliki moja ya darubini yangu, yaani hatua moja ya kizungushio, ni robo ya dakika ya pembe (dakika ni sehemu ya sitini ya digrii), ambayo ni milimita 7.3 kwa mita 100, kwa hiyo kwa mita 10 ni milimita 0.7 tu, ili kupanda sentimita 9 ningehitaji kliki zaidi ya 120, na kizungushio kingefika mwisho wake, mahali ambapo springi ya ndani inalegea na msalaba hauwezi kutulia. Nilikata vipande vitatu vya bati la kopo la soda, kila kimoja unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, nikaviweka chini ya darubini ndani ya pete ya nyuma. Kwa kuwa pete zimeachana sentimita 10, kuinua nyuma kwa milimita 0.3 kulinipandisha sentimita 3 kwa mita 10, na zilizobaki nilizimaliza kwa kliki. Nisingezidisha vipande vitatu, kwa sababu bomba huanza kupindika. Aliye na mtutu ulioinama zaidi ya huo anunue kishikio kilichochongwa kwa mteremko.

Kulinganisha kwenyewe, baada ya hayo yote, kulikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Nilianza kwa mita 10 ili kuwa na uhakika wa kugonga karatasi, kisha nikahamia mita 25. Sikurekebisha kwa tundu moja hata mara moja. Nilipiga matano, nikatafuta kitovu chake, ndipo nikahesabu kliki, ambazo kwa mita 25 ni milimita 1.8 kila moja. Matundu yalikuwa milimita 22 kulia, nikazungusha kliki 12 kushoto, na matano yaliyofuata yalikaa kwenye mstari.

Kwa nini mita 25? Kijirisasi changu kina uzito wa nusu gramu na kidogo na kinatoka kwa mita kama 240 kwa sekunde, na kitovu cha darubini kiko sentimita 4 juu ya kitovu cha mtutu. Kijirisasi huanza chini ya mstari wa jicho, kinaupanda, kinatembea juu yake kwa kitambo, kisha kinaushukia tena. Nilipolinganisha kwa mita 25, niliona kwamba kwa mita 15 pia kinagonga penyewe, katikati ya hapo kinapanda milimita mbili tatu tu, na kwa mita 10 na mita 30 kinapiga karibu sentimita moja chini. Kwa mita 35 tayari ni sentimita mbili na nusu chini. Banda la kuku liko mita 18 kutoka mlangoni mwa ghala, kwa hiyo ninalenga moja kwa moja bila hesabu yoyote. Lakini panya aliye mita 5 tu ananidai nilenge sentimita mbili juu yake, na hili huwashangaza wengi, kwa sababu wanadhani kwamba karibu ni rahisi.

Nilijaribu aina nne za vijirisasi, na aina ghali kuliko zote haikushinda. Vile vya kichwa cha mviringo vya gramu 0.51 vilikusanyika ndani ya duara la sarafu kwa mita 25, wakati vya kichwa chenye ncha vilitawanyika kama kiganja. Kila mtutu una chaguo lake, na ukibadilisha kijirisasi, unaanza kulinganisha upya. Jambo la pili ni mkono: bunduki ya springi haitaki kubanwa wala kuegemezwa juu ya kitu kigumu. Nilipoilaza juu ya tofali, ilipiga sentimita 3 juu ya pale inapopiga ikiwa juu ya kiganja kilicho wazi. Sasa mkono wa kushoto unalala juu ya mfuko wa mchanga, na bunduki inalala juu ya mkono, huru kurudi na kwenda inavyotaka.

Juu ya usalama sitaki kupita haraka. Bunduki hii si kitu cha kuchezea watoto. Inatoboa bati la kopo pande zote mbili, na jicho haliponi. Tunavaa miwani, hatupigi kitu kigumu kama jiwe au chuma kinene, hakuna anayepita mbele ya mstari hadi mitutu yote ifunguliwe, na tunanawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwa sababu vijirisasi ni madini ya risasi, sumu inayowadhuru watoto zaidi ya wakubwa. Anayetaka kununua aulize kwanza kwa wenye mamlaka wa eneo lake juu ya kibali, na awaambie majirani siku atakayolenga, ili sauti isimshtue mtu.

Mwishoni nilipaka tone la rangi ya kucha juu ya kila skurubu na mstari mwembamba mahali pete inapokutana na bomba, na mwingine mahali msingi unapokutana na mfereji. Kila Jumapili ninaitazama mistari hiyo kwanza. Mwezi wa Julai, asubuhi moja ya baridi kali ambapo mikono ilikuwa inauma, matundu yalikwenda karibu sentimita moja chini, na nilikuwa nimekwisha kuondoa kifuniko cha kizungushio nilipokumbuka kuangalia mistari ile. Ilikuwa imenyooka, bila hata ufa. Niliiacha bunduki juani juu ya mkeka, tukanywa chai, na ilipofika saa sita grisi ya springi ilikuwa imelainika; matundu matano yalirudi mahali pake bila mimi kugusa kliki hata moja.